Je, Akiba Haiozi?

Wahenga walituachia neno, "Akiba haiozi," nasi walimu huwafundisha watoto neno hilo tangu darasa la kwanza, wala hatulitilii shaka. Aliyeweka chakula hucheka siku ya njaa, na asiyeweka hulia. Lakini, ndugu wasomaji, tulipofiwa na mama yetu mzazi, na baadaye tukavipambanua vyombo vyake vya bustani, tuliona kwamba neno hili lataka kufikiriwa tena. Iko akiba iozayo. Tena huweza kuozeshwa na mapenzi. Basi swali letu ni hili: mtu tuliyempenda akiisha kuzikwa, yatupasa tuvifanyie nini vitu alivyovishika kila siku kwa mikono yake? Je, heshima ni kuviweka vivyo hivyo alivyoviacha, au ni kuvitumia, au ni kuvitoa kwa wengine?

Huenda wengine watasema kwamba swali hili ni dogo, maana jembe ni jembe, na mbegu ni mbegu. Hao hawajafungua bado mlango wa kibanda cha mtu aliyezikwa juzi.

Mama yetu alikuwa na bustani nyuma ya nyumba, katika miteremko ya milima ya Usambara, mahali ambapo boga likimponyoka mtu halisimami mpaka mtoni. Haikuwa kubwa; urefu wake hatua 30 na upana wake hatua 20. Kandokando palikuwa na migomba, penye unyevu magimbi, na katikati maharagwe, mchicha, mnavu na vitunguu. Maboga yalitambaa juu ya ua. Shamba letu kubwa lilikuwa mbali, na huko tulikwenda sote wakati wa masika na wakati wa vuli. Lakini shamba hungoja mvua. Bustani humngoja mtu. Kila siku, kabla jua halijapanda, mama alikuwa amekwisha kupita humo. Maji yaliyooshea vyombo hayakumwagwa uani, yalikwenda kwenye mchicha. Majivu ya jikoni hayakutupwa, yalichekechwa na kuwekwa kwa kazi nyingine tutakayoitaja.

Maharagwe yake yalikuwa madogo, meupe, yenye doa jekundu penye kitovu. Aliyapata kwa mama yake, naye kwa mama yake. Kila mwaka, maua yakiisha kuanguka, alipita akichagua mashina yenye nguvu, yasiyo na ugonjwa, akayafunga uzi mwekundu, nasi watoto tulijua kwamba shina lenye uzi halichumwi kwa ajili ya chungu. Maganda yake yaliachwa yakauke papo hapo shinani. Kisha mbegu zilianikwa, zikachanganywa na yale majivu ili fukusi wasizibungue, zikatiwa kibuyuni na mdomo wa kibuyu ukazibwa kwa gunzi. Watu wengi hula maharagwe mazuri na kupanda yaliyosalia. Mama yetu alipanda mazuri na kula yaliyosalia. Tulipokuwa wadogo tulidhani huo ni ubahili.

Matanga yalipokwisha, tulikutana sote mbele ya kibanda chake cha vyombo. Tuliyoyakuta humo ni haya: majembe matano, na moja limelika hata limebaki kama kijiko, kijembe kidogo cha kupalilia mboga, panga mbili na mundu, debe lililotobolewa matundu ya kumwagilia miche, kamba za migomba, nyuzi nyekundu katika kikopo, chupa mbili za dawa ya wadudu zisizo na karatasi ya jina, na vibuyu vitatu vya mbegu.

Hapo tukagawanyika. Kaka yetu alisema, "Vitu hivi vigawanywe leo, na visivyogawanyika viuzwe, maana kutu haina huruma." Dada yetu akalia, akasema, "Mama hajamaliza hata mwezi kaburini, nanyi mwamwuzia majembe? Pafungwe, pasiguswe kitu." Kwa kuwa kazi yetu ni ualimu, walitaka sisi tuamue. Tukaamua kama dada alivyotaka. Mlango ukafungwa kwa kufuli, na ufunguo ukakaa kwetu.

Twakiri kwamba tuliona faraja kubwa katika kufuli lile. Jioni nyingine tulikwenda tukafungua, tukasimama humo kitambo, tukanusa harufu ya udongo mkavu na majivu, tukafunga tena. Hatukugusa kitu. Tulijisifu moyoni kwamba sisi ndio tunaojua kumheshimu mama. Bustani yenyewe, wakati ule, ilikuwa imemezwa na majani, lakini hilo hatukulitazama sana.

Ikapita miaka miwili na zaidi. Mwaka huu, kabla ya masika, tuliingia mchana pamoja na mtoto wetu mdogo, naye akauliza, "Baba, kwa nini vibuyu hivi havipandwi?" Hatukuwa na jibu. Tukavitoa nje. Mipini ya majembe ilikuwa imeliwa na mchwa, ikavunjika mikononi kama makaa. Kibuyu cha vitunguu, mbegu zake zilikuwa zimeshikana kwa ukungu. Kibuyu cha maharagwe kilionekana chema, maana majivu yalikuwa yamewazuia fukusi. Tukahesabu mbegu 40, tukaziweka katika kitambaa chenye unyevu, tukakitia kivulini penye joto, kama tunavyowaonyesha watoto shuleni. Baada ya siku 7 tukafungua. Mbegu 3 zilikuwa zimepasuka kidogo, na hizo nazo zikaoza. Nyingine zilikuwa laini, zikinuka. Tukapanda zilizobakia zote kibuyuni, tukangoja majuma matatu. Haikutoka hata moja.

Ndugu wasomaji, siku ile tulifiwa mara ya pili, na mara hii mwuaji alikuwa ni sisi.

Na tuseme wazi jinsi jambo hili lilivyo, maana wengi hawalijui. Mbegu si kitu kilichokufa kinachongoja kufufuka. Mbegu ni kitu kilicho hai, kilicholala. Nayo huvuta pumzi polepole sana, na hula polepole chakula kidogo ilichopewa na mmea mama. Joto na unyevu huifanya ile haraka zaidi na kuzeeka. Wataalamu wana kanuni ya kukadiria: mbegu ikipunguziwa unyevu kwa sehemu 1 katika 100, umri wake huongezeka mara 2 hivi; na joto likipungua kwa digrii 5, vivyo hivyo. Kanuni hii ina mipaka yake, lakini yatosha kutuonyesha kwa nini kibuyu kilichofungiwa katika nchi ya ukungu na mvua, penye bati linalochomwa na jua, si mahali pa kukalia miaka. Mbegu ya kitunguu hufa upesi kuliko nyingi. Mwaka mmoja au miwili katika hali kama hiyo huimaliza. Mama yetu hakuwa na kanuni hiyo kitabuni, lakini alipanda kila mwaka, na kwa kupanda aliirudishia mbegu ujana wake.

Pengine msomaji mmoja atatujibu kwa habari ya mtende wa Masada. Ni habari ya kweli, nayo ni nzuri. Katika miaka ya 1960 wachimbaji wa mambo ya kale waliokota kokwa za tende katika magofu ya ngome ya Masada, karibu na Bahari ya Chumvi. Umri wake ulikuwa kama miaka 2000. Mwaka 2005 kokwa mojawapo ilipandwa, ikaota, ikawa mtende, nao wakauita Methusela. Je, si ushahidi kwamba akiba haiozi? Twajibu kwamba jangwa lile ni kavu kupita nchi nyingi, na kokwa ya tende si haragwe. Tena tazameni: katika miaka hiyo yote 2000 kokwa ile haikumpa mtu kivuli wala tunda. Ilianza kuwa mtende siku ilipotiwa udongoni.

Mwingine atatuletea habari nzito zaidi. Tarehe 8 Septemba 1941 majeshi ya Wajerumani yaliuzingira mji wa Leningrad katika nchi ya Urusi, ambao leo waitwa St. Petersburg, na mazingiwa yale hayakwisha mpaka tarehe 27 Januari 1944. Watu wa mji walikufa kwa njaa kwa maelfu mengi. Katika mji huo lilikuwako jengo lenye hazina ya mbegu, zilizokusanywa na mtaalamu Nikolai Vavilov na wenzake kutoka nchi nyingi za dunia. Yeye mwenyewe alifika Uhabeshi mwaka 1927 kutafuta mbegu za nafaka. Wakati wa mazingiwa Vavilov hakuwako, maana alikamatwa na serikali ya nchi yake mwaka 1940, akafa gerezani mwaka 1943. Lakini wenzake walibaki wakiilinda hazina ile. Mlikuwamo mchele, njegere, mahindi na ngano. Na baadhi ya walinzi wakafa kwa njaa, wasile.

Tuliposoma habari hiyo mara ya kwanza tulidhani inatutetea. Wale nao walifunga mlango, wakakataa kugusa! Lakini tulipoipima vema tuliona inatuhukumu. Wale walizilinda mbegu kwa ajili ya mashamba yatakayolimwa vita ikiisha, na watu watakaozaliwa ambao hawatawajua. Sisi tulizilinda kwa ajili ya machozi yetu wenyewe. Kufuli ni moja, nia ni mbili. Hata leo penye hazina za namna hiyo, kama ile iliyoko Arusha penye mbegu za mboga za Kiafrika, mnavu na mchicha na nyinginezo, mbegu haziachwi zikakaa tu: hukaushwa, huwekwa penye baridi, hupimwa kama zingali hai, na zikianza kudhoofika hupandwa upya. Mlinzi wa mbegu ni mkulima pia.

Tena tufikiri zaidi. Maharagwe haya tunayoyaita ya bibi zetu hayakuwako kwetu tangu mwanzo. Asili yake ni Marekani ya Kati na ya Kusini, na kabla ya mwaka 1492, Wazungu walipovuka bahari kwenda huko, hakuna mtu wa nchi hizi aliyepata kuonja haragwe la namna hii. Yalitufikia mkono kwa mkono: baharia akampa mtu wa pwani, mtu wa pwani akampa mtu wa bara, mke akamchukulia mama mkwe, jirani akamgawia jirani. Kama mmoja tu katika mlolongo ule angaliipenda mbegu hata akaifungia, uzi ungalikatika hapo. Mama yetu hakupokea kitu cha kuweka. Alipokea kitu cha kupitisha.

Mpaka hapa tumesema habari ya mbegu. Lakini katika kibanda kile lilikuwamo jambo jingine, ambalo tumelichelewesha kwa makusudi kwa kuwa ni zito kulisema. Tunaliandika kwa ruhusa ya wanaohusika.

Katika yale majembe matano, moja halikuwa la mama. Shingoni pa chuma chake palikuwa na mikato mitatu iliyokatwa kwa tupa, nayo ni alama ya mama mmoja jirani yetu. Miaka sita kabla ya kifo, jirani huyo alisema kwamba alimwazima mama jembe wakati wa palizi, wala halikurudi. Mama akasema amekwisha kulirudisha. Kila mmoja akashika neno lake. Tangu hapo walisalimiana njiani, lakini hawakuombana chumvi. Nasi sote tulimsadiki mama, tukamwona jirani kuwa mgomvi.

Alama ile tuliiona siku ile ile ya kwanza, matanga yalipokwisha. Tuliiona, tukalisukuma jembe nyuma ya mengine, tukanyamaza. Basi mwaona, wasomaji, kwamba tulipoufunga mlango hatukufunga kwa mapenzi peke yake. Tulifunga na kwa hofu pia. Mara nyingi heshima tunayowapa wafu huwa ni nguo tuliyoivika haya yetu sisi tulio hai.

Mbegu zilipokwisha kufa, tuliona hatuwezi kuendelea kulificha na jembe. Dada yetu alipolisikia jambo hilo alisema, "Litupeni shimoni. Mkilirudisha, mtamfanya mama kuwa mwongo kaburini, naye hawezi kujitetea." Neno hilo lilituchoma, maana lina haki ndani yake. Aliyekufa hawezi kujieleza. Pengine alisahau, pengine mtoto mmojawapo, labda sisi wenyewe, alilirudisha jembe lisilo lake na hili likabaki, pengine alijua, akaona aibu kukiri. Hatujui, wala hatutajua kamwe. Lakini tulipopima tuliona hivi: kosa la marehemu lisilomdhuru aliye hai laweza kuzikwa pamoja naye, wala si vema mtoto kulifukua; bali deni halizikwi. Dawa ya deni ni kulipa, na mwenye jembe alikuwa hai, akilima kwa jembe la kuazima.

Tukatia mpini mpya, tukaenda jioni. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Tukalitoa. Akaligeuzageuza, akapitisha kidole juu ya ile mikato mitatu, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mpini huu si wangu." Tukamweleza ya kuwa mpini wake uliliwa na mchwa katika banda la mama, na kwamba kosa la kuchelewa ni letu. Akanyamaza tena, halafu akasema, "Basi kaa."

Tulipokaa, macho yetu yakaangukia jamvi lililoanikwa uani. Juu yake yalikuwapo maharagwe madogo, meupe, yenye doa jekundu penye kitovu. Hatukuweza kusema. Yeye akaona tunapotazama, akasema, "Hayo ni ya mama yako. Alinipa mbegu mwaka ule niliounguliwa na nyumba. Tulipogombana nilitaka kuyang'oa, nikaona maharagwe hayana kosa." Naye akatupimia kibaba kimoja.

Hatusemi kwamba kila arudishaye jembe hulipwa maharagwe. Na msifikiri kwamba mambo yote yalikwisha vizuri. Walikuwako watu kijijini waliosema, "Kumbe yule mama alikuwa hivyo!" na maneno hayo yalituuma, hata leo yanatuuma. Dada yetu hakusema nasi juma zima. Jirani yetu hakutamka kwamba amesamehe, wala hatukumwomba alitamke. Lakini jambo moja ni dhahiri, nalo ndilo tulilotaka kuwaambia: katika maharagwe ya mama, yale aliyoyaweka kibuyuni tuliyaua, yale aliyoyatoa, tena kwa mtu aliyekuja kuwa adui yake, ndiyo yaliyotufikia yakiwa hai. Na ya kwamba haragwe hujichavusha lenyewe, mbegu yake ikafanana na mama yake, maharagwe tuliyopewa ndiyo yale yale aliyoyafunga uzi mwekundu.

Basi, tujibu swali letu. Vitu vya marehemu si vya namna moja, na kila namna ina haki yake. Kilicho hai kipandwe mvua ya kwanza itakayonyesha baada ya mazishi, wala kisingoje machozi yakauke. Kilicho cha watu kirudishwe, hata kama ni cha aibu. Kilicho cha sumu kisirithiwe na mtu. Zile chupa mbili hatukuzimwaga mtoni, tulizipeleka kwa bwana shamba. Kilicho cha chuma kigawanywe kwa wenye mikono, maana jembe hulindwa na udongo kuliko linavyolindwa na ukuta. Na ikiwa moyo wataka kuweka kitu kimoja tu cha kumkumbukia, hakuna lawama. Dada yetu aliweka kikopo cha nyuzi nyekundu, na mwezi jana tulimwona akikifungua bustanini, akifunga mashina.

Wala neno la wahenga hatulitangui. Akiba haiozi ikiwa ina mtunzaji; na mtunzaji wa mbegu ni yule aipandaye na kuigawa. Wahenga hao hao walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Kwa hiyo twawasihi, hasa ninyi mlio hai na wenye nguvu: kabla mvua hazijaanza, fungueni vibuyu vyenu. Chukueni mbegu 10, mzifunge katika kitambaa chenye unyevu kwa siku 7. Zikitoka 8 au 9, pandeni kwa furaha. Zikitoka 3, tafuteni nyingine kwa jirani mapema. Mpeni mtu mwingine sehemu ya mbegu yenu iliyo bora, hata kama hamwelewani sana. Na mkiwa na jembe la mtu bandani, waonyesheni watoto wenu leo ni la nani, wasije wakaliona peke yao siku ambayo hampo kuwaambia.